Mapitio ya msimbo yanapokwama: dalili, chanzo na tiba kwa timu za Python

Timu ikilalamika kwamba mapitio ya msimbo hayaisaidii, malalamiko huwa yaleyale: PR (pull request, yaani ombi la kuunganisha mabadiliko kwenye mradi) inakaa siku nne, watu wananuniana, na hitilafu bado zinamfikia mteja. Mwishowe mtu anapendekeza mapitio yapunguzwe, au yaachiwe wakubwa peke yao. Kabla hamjafika huko, someni upya maoni yenyewe na muone yanazungumzia nini. Mara nyingi mtakuta mpitiaji amemaliza nguvu zake kwenye sura ya msimbo, yaani nafasi, koma na urefu wa mistari, huku klasi ilivyoundwa haikuguswa na yeyote. Sura ni kazi ya mashine. Muundo wa klasi ndio unaomhitaji mtu, na maoni juu yake huandikwa kwa namna nyingine kabisa.

Nimepanga kwa dalili, kwa hiyo ruka hadi ile inayowasumbua. Mifano yote ni ya mfumo wa kubuni wa SACCOS, kwa sababu mkopo, rejesho na mwanachama ni mambo tunayoyaelewa sote bila kufafanuliwa.

Dalili: maoni thelathini, na hitilafu imepita

Soma klasi hii kama vile umeombwa kuipitia kesho asubuhi:

```python
class Mkopo:
    marejesho = []
    def __init__(self,mwanachama, kiasi) :
        self.mwanachama=mwanachama
        self.kiasi = kiasi
    def lipa(self,kiasi):
        self.marejesho.append( kiasi )

    def salio(self):
        return self.kiasi - sum(self.marejesho)
```

Ukiwa na haraka utaona upesi kwamba hakuna nafasi baada ya koma, kwamba mabano ya `append` yameachwa wazi ndani, kwamba mstari mtupu umekosekana kati ya methodi. Utaandika maoni matano, yatarekebishwa ndani ya robo saa, utaidhinisha. Kisha Asha anakopa 500,000, Juma anakopa 300,000, Asha anarejesha 100,000, na deni la Juma linashuka hadi 200,000.

Kilichotokea ni kwamba `marejesho` imeandikwa kwenye mwili wa klasi, si ndani ya `__init__`. Python huutekeleza mwili wa klasi mara moja tu, klasi inapoundwa, kwa hiyo listi ni moja na mikopo yote inachangia hiyohiyo. Jaribio linalotengeneza mkopo mmoja halitaona kitu. Likiongezwa jaribio la pili ndipo mambo yanakuwa ya ajabu: kila jaribio likiendeshwa peke yake linapita, yakiendeshwa yote kwa pamoja moja linafeli, na ukibadilisha mpangilio linafeli jingine. Mtu akikuletea malalamiko ya namna hiyo, kabla hujashuku hifadhidata, angalia kwanza kama kuna listi au dikshonari iliyokaa kwenye mwili wa klasi. Ndugu yake ni `def __init__(self, mwanachama, kiasi, marejesho=[])`, ambapo thamani ya mwanzo nayo hutengenezwa mara moja tu.

Chanzo cha mapitio kushindwa hapa si uzembe. Jicho hukamatwa na kasoro inayoonekana, na kila maoni madogo uliyoandika yanakupa hisia kwamba umefanya kazi. Ukishaandika matano, umeshiba.

Tiba ni kuiondoa sura yote mikononi mwa watu. Black, iliyoanzishwa na Łukasz Langa mwaka 2018, huupanga upya msimbo wote kwa mtindo mmoja na haikupi nafasi kubwa ya kubishana nayo. Ruff, ya mwaka 2022, inafanya kazi hiyo kwa `ruff format` na pia inakagua makosa kwa `ruff check`, na ni ya haraka kiasi kwamba hakuna anayepata kisingizio cha kutoiendesha. Chagueni mojawapo, iendeshwe na pre-commit, zana inayokagua kabla badiliko halijahifadhiwa kwenye Git, kwenye kompyuta ya kila mtu, na tena kwenye CI, yaani seva inayokagua kila PR yenyewe. Baada ya hapo wekeni sheria moja: maoni yoyote ambayo mashine ingeweza kuyatoa hayaandikwi na mtu. Kama mashine haikuyatoa na mnaona ni muhimu, ongezeni kanuni kwenye mipangilio, msiyaandike kila wiki.

Listi yenyewe ya juu ina kanuni yake kwenye Ruff, RUF012, na ile ya thamani ya mwanzo ni B006. Hakikisheni zote mbili zimewashwa, kwa sababu ukiiweka Ruff na kuiacha ilivyo, usitegemee kwamba zimo.

Kuna kikwazo kimoja ambacho huwakatisha tamaa timu zenye mradi wa zamani: siku mnayopanga upya faili zote, historia ya kila mstari itaonyesha jina la aliyeendesha Black, na `git blame`, amri inayoonyesha nani aliandika mstari upi, haitakuwa na maana tena. Tangu Git 2.23 ya mwaka 2019 hilo lina dawa. Fanyeni upangaji wote kwa badiliko (commit) moja lisilo na kitu kingine ndani yake, chukueni namba yake ndefu, iandikeni kwenye faili `.git-blame-ignore-revs` katika mzizi wa mradi, kisha kila mmoja aendeshe:

```
git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs
```

GitHub nayo inalisoma faili hilo. Historia inarudi kuwa ya waandishi wenyewe.

Dalili: pendekezo la mtindo limevunja msimbo

Hili linaudhi kuliko yote, maana mwandishi alikuwa sahihi kabla ya kukusikiliza. Mifano miwili huwa inajirudia.

Wa kwanza ni `== None`. Kanuni inasema linganisha na `None` kwa kutumia `is`, na ni kanuni nzuri. Sasa angalia:

```python
session.query(Mwanachama).filter(Mwanachama.simu == None)
```

Kwenye SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kuzungumza na hifadhidata, alama `==` imebadilishwa maana: hailinganishi chochote hapo hapo, inajenga sharti la SQL, `IS NULL`. Mpitiaji akisema "tumia `is None`", Python itajibu yenyewe papo hapo kwamba safu ya jedwali si `None`, itaipa `filter` neno `False`, na ripoti ya wanachama wasio na simu itarudi tupu bila kosa lolote kuonekana. Pendekezo sahihi lingekuwa `Mwanachama.simu.is_(None)`.

Wa pili ni kufupisha. Mwandishi ameandika hivi:

```python
def kata(self, kiasi=None):
    if kiasi is None:
        kiasi = self.kato_la_kawaida
```

Mpitiaji anaona mistari miwili ambayo "ingetosha" kuwa `kiasi = kiasi or self.kato_la_kawaida`. Mwanachama aliyesamehewa makato, yaani `kata(0)`, sasa anakatwa kama wengine, kwa sababu kwa Python 0 huhesabika kama hapana. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa kuandika Python, yenyewe inaonya juu ya kuchanganya `if x` na `if x is not None`.

Chanzo ni kukumbuka kanuni na kusahau sababu yake. Dawa ni nyepesi: pendekezo lolote linalobadilisha sharti, ulinganishi au mpangilio wa hesabu si la mtindo tena. Liendeshe kwanza kwenye kompyuta yako, hasa kwa 0, stringi tupu na `None`, ndipo uliandike.

Dalili: PEP 8 imegeuka rungu

Utaijua kwa maoni yenye maneno mawili: "PEP 8." Anayeandikiwa hajui kifungu gani, na anayeandika mara nyingi hajakifungua kwa miaka.

PEP 8 iliandikwa mwaka 2001, na majina yaliyo juu yake ni Guido van Rossum, Barry Warsaw na Alyssa Coghlan. Ilikusudiwa msimbo wa maktaba ya Python yenyewe. Mwanzoni kabisa inasema kulingana ndani ya mradi ni muhimu kuliko kulingana na waraka huo, na kulingana ndani ya moduli moja au funksheni moja ndiko muhimu zaidi. Urefu wa mstari ambao watu hugombania ni 79, lakini waraka unaruhusu timu iliyokubaliana kufika 99. Black nayo hutumia 88. Hakuna namba ya mbinguni hapo. Andikeni moja kwenye `pyproject.toml` na muendelee na kazi.

Jambo moja katika waraka huo linatuhusu sisi moja kwa moja. Unawaomba watu wa nchi zisizozungumza Kiingereza waandike maelezo kwa Kiingereza, isipokuwa kama wana uhakika wa asilimia 120 kwamba msimbo hautasomwa na asiyejua lugha yao. Kwa mfumo wa ndani wa SACCOS, maoni yangu ni kwamba maneno ya kazi yenyewe, kama hisa, mdhamini na rejesho, yanaweza kabisa kubaki ya Kiswahili, maana mhasibu ndiye anayeyatumia na kuyatafsiri huleta mkanganyiko. Kinachoua ni mchanganyiko: `lipa_loan`, `get_salio`, `mkopoBalance`, na huku kwingine `rejesho`, `marejesho` na `malipo` zikimaanisha kitu kilekile. Hapo mpitiaji ana haki ya kusimamisha PR, kwa sababu dhana moja ikiwa na majina matatu, mtu wa nne atatengeneza klasi ya nne.

Dalili: mwandishi amebadilisha, lakini sicho ulichotaka

Uliandika "klasi hii ni kubwa mno". Kesho yake umeletewa klasi mbili, `MkopoManager` na `MkopoManagerHelper`, ya pili ikiwa na nusu ya methodi zilizohamishwa kama zilivyo, na kila moja ikiishika nyingine mkono. Au uliandika "hii si Python", ukapokea kimya cha siku mbili na badiliko ambalo halieleweki linatoka wapi.

Chanzo ni kwamba umempa hukumu bila ushahidi. "Kubwa mno" haimwambii akate wapi. Maoni ya muundo yanayofanya kazi huwa na mambo matatu: kilichopo kwenye msimbo, mtu gani kitamkwaza na lini, na angalau njia moja ya kutoka. Yakikosa la katikati, yanasomeka kama ladha yako binafsi, na mwandishi ana haki ya kuyakataa.

Tuchukue klasi kubwa. Usihesabu mistari, angalia methodi gani inagusa sifa zipi. Chora kwenye karatasi kama ni lazima. Ukiona `lipa`, `salio` na `riba` zinatumia `self.kiasi` na `self.marejesho`, na `andaa_ujumbe` na `tuma_sms` zinatumia `self.simu` na `self.jina`, na makundi hayo mawili hayagusani hata mara moja, umeshapata pa kukata. Maoni yako sasa yanakuwa hivi:

> `andaa_ujumbe` na `tuma_sms` hazigusi kiasi wala marejesho. Kwa sasa anayetaka kujaribu hesabu ya riba analazimika kutoa namba ya simu na mipangilio ya SMS. Tukizitoa kwenda `Taarifa`, inayopokea jina na simu tu, `Mkopo` itajaribiwa bila mtandao.

Mwandishi anaweza kukataa, lakini sasa atakataa kwa hoja.

*Ikiwa klasi imejaa `get_` na `set_`.* Wengi wetu tulifundishwa Java au C++ chuoni, na mkono unaandika hivyo wenyewe. Usimcheke mtu. Mwambie kwa nini Python haihitaji: sifa ya wazi leo inaweza kugeuzwa kuwa `property` kesho bila mtumiaji wake yeyote kubadilisha mstari. Siku mtakapogundua kwamba namba za simu zinaingia kwa sura tofauti, wengine 07, wengine +255, mtafanya hivi:

```python
class Mwanachama:
    def __init__(self, jina, simu):
        self.jina = jina
        self.simu = simu

    @property
    def simu(self):
        return self._simu

    @simu.setter
    def simu(self, thamani):
        self._simu = sanifisha_simu(thamani)
```

Kila mahali palipoandikwa `m.simu` panabaki vilevile, hata ndani ya `__init__`, ambako usanifishaji nao utafanyika. Na kama kwenye PR hiyohiyo umeona simu inahifadhiwa kama namba nzima, acha mambo ya `get_` kwanza: `int("07...")` inaimeza sifuri ya mwanzo, na hilo ndilo lenye uzito.

*Ikiwa klasi mtoto inakataa alichorithi.* Hii ndiyo dalili ya muundo ninayoitafuta kabla ya nyingine zote:

```python
class Malipo:
    def pokea(self): ...
    def rudisha(self): ...

class MalipoTaslimu(Malipo):
    def rudisha(self):
        raise NotImplementedError
```

Kila linta, yaani programu ya kukagua msimbo kama Ruff, itapita hapa ikiwa imeridhika. Kuandika "urithi umetumika vibaya" hakutamsaidia mtu. Andika mwisho wa mwezi utakavyokuwa:

> `MalipoTaslimu` inarithi `rudisha()` kisha inaikataa. Kazi ya usiku inayorudisha malipo yaliyozidi itapitia listi ya `Malipo` na kuanguka kwenye taslimu ya kwanza. Zilizobaki nyuma yake hazitarudishwa. Kuna mahali panapohitaji kila malipo yawe na `rudisha()`? Kama hapapo, iondoe kwenye klasi mama, ibaki kwa malipo ya simu na ya benki.

Kama timu inatumia ukaguzi wa aina, `Protocol`, iliyoingia Python 3.8, inaruhusu kusema "chochote chenye `rudisha()`" bila klasi mama yoyote. Lakini usiilete kama hakuna anayeihitaji. Pendekezo linaloongeza dhana mpya kwenye mradi linapaswa kubeba mzigo wake lenyewe.

*Ikiwa klasi ina `__init__` na methodi moja.* `KikokotoziRiba(kiasi, kiwango, miezi).kokotoa()` ni funksheni iliyovalishwa koti. Sema hivyo kwa upole: hakuna hali inayohifadhiwa kati ya miito miwili, kwa hiyo `kokotoa_riba(kiasi, kiwango, miezi)` inatosha na jaribio lake ni mstari mmoja. Iache ibaki klasi kama kitu fulani kizito hutayarishwa mara moja na kutumiwa mara nyingi, mathalani jedwali la viwango linalosomwa kutoka kwenye faili.

*Ikiwa `__init__` ni safu ndefu ya `self.x = x`.* Pendekeza `dataclass`, ambayo imo tangu Python 3.7. Itatoa `__init__`, `__repr__` na `__eq__` yenyewe, na kwa hitilafu yetu ya mwanzo ni mlinzi mzuri: ukiandika `marejesho: list[int] = []` inakataa palepale kwa `ValueError` na kukuelekeza kwenye `default_factory`.

```python
from dataclasses import dataclass, field

@dataclass
class Mkopo:
    mwanachama: str
    kiasi: int
    marejesho: list[int] = field(default_factory=list)
```

Tahadhari moja kabla ya kumshauri mtu: `dataclass` ya kawaida huleta `__eq__` na kuifuta `__hash__`. Kama kuna mahali mikopo inawekwa kwenye `set` au inatumika kama ufunguo wa dikshonari, pataanza kutoa `TypeError: unhashable type`. Tafuta matumizi hayo wewe mwenyewe, kisha ndipo utoe pendekezo.

Dalili: maoni ya muundo yanafika msimbo umeshakauka

PR ina mistari 1,400, mwandishi ameifanyia kazi wiki mbili, uzinduzi ni Ijumaa. Unaona wazi kwamba `Mkopo` na `Akiba` hazikupaswa kurithi `Akaunti`. Ukisema, umemharibia wiki. Usiposema, mtaishi nayo mwaka mzima. Hakuna sentensi ya Kiswahili wala ya Kiingereza itakayoiokoa hali hiyo, kwa sababu kosa lilitokea wiki mbili nyuma.

Ombeni PR ya mifupa. Majina ya klasi, saini za methodi, `...` ndani yake, na jaribio moja au mawili yanayoonyesha mtumiaji atakavyoziita. Mistari 60 hivi. Inasomwa kwa dakika kumi, na kubadilisha urithi hapo ni kufuta neno moja kwenye mabano. Wanaopinga husema inachelewesha; sijaona timu iliyojaribu ikarudi nyuma.

Kwa PR iliyokwisha kauka, gawanya maoni yako. Kitakachoharibu data au pesa kinasimamisha kazi leo. Kitakachofanya msimbo uwe mgumu kupanuliwa kinaandikiwa tiketi, na aliyeandika PR ndiye anayeichukua, kabla hajasahau.

Dalili: kimya, au mjadala umehamia WhatsApp

Maoni kumi yamekaa bila jibu, kisha ghafla msimbo umebadilika na umeunganishwa. Ukiuliza, unaambiwa "tuliongea". Miezi mitatu baadaye mtu anarudisha klasi ilivyokuwa, kwa kuwa hakuna palipoandikwa kwa nini ilibadilishwa.

Watu huhamia WhatsApp kwa sababu maandishi ya PR yanauma. Sehemu ya tatizo ni lugha. Tukiandika Kiingereza cha mkato, "Remove this", "Why?", tunaondoa adabu yote ambayo tungeiweka kama tungekuwa tumekaa meza moja. Na hata kwa Kiswahili, "Kwa nini umefanya hivi?" iliyoandikwa inasikika kama ya mwalimu aliyeshika fimbo. "Naomba kuelewa, `Akaunti` inahitajika wapi kwingine?" inauliza jambo lilelile na inapata jibu.

Upande wa pili wa shilingi ni adabu inayoficha uzito, na hapa ndipo vijana wanapokwama wakipitia kazi ya mkubwa. Wanaandika: "Shikamoo kaka, samahani, nilikuwa nawaza labda hii listi ingekaa ndani ya `__init__`, sijui unaonaje?" Kaka anajibu "Ipo sawa tu", na salio la Juma linaenda na maji. Heshima ilikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni uzito. Wekeni neno moja mbele ya kila maoni, timu nzima, wakubwa kwa wadogo:

```
Lazima:     haiunganishwi hadi hili litatuliwe
Pendekezo:  ningefanya hivi, uamuzi ni wako
Swali:      sijaelewa, sina msimamo
Dogo:       puuza ukipenda
```

Sasa kijana anaweza kuandika: "Lazima: kaka, listi hii inachangiwa na mikopo yote. Nimeweka jaribio linalofeli hapa chini." Jaribio linalofeli halina umri wala cheo, na linamwokoa kijana kubishana na mkubwa mbele za watu. "Swali" nayo iwe swali kweli. Ukiitumia kuficha "Lazima", watu watagundua na kila swali lako litasomwa kama mtego.

Kuongea ana kwa ana au kwa simu si dhambi, na maoni yakishakwenda na kurudi mara tatu ni afadhali mpigiane. Aliyepiga simu ndiye anayerudi kuandika mstari mmoja kwenye PR: "Tumeongea, `Akiba` haitarithi `Akaunti`, itaishika kama sifa, kwa sababu akiba moja inaweza kuwa na akaunti mbili." Inatosha.

Dalili: "Safi, endelea", dakika mbili baada ya PR kufunguliwa

Angalia ukubwa wa PR kwanza. Ikiwa imechanganya upangaji wa Black, kubadilisha majina na mabadiliko ya tabia, hakuna binadamu atakayeisoma, na aliyeidhinisha hana kosa sana. Irudishwe igawanywe mara tatu kwa mpangilio huo. Kubadilisha majina peke yake kunapitiwa kwa haraka, kwa sababu unachotafuta ni kitu kimoja tu: kama kuna kilichobadilika zaidi ya jina.

Ikiwa PR ni ndogo na bado inaidhinishwa bila kusomwa, basi tatizo ni kwamba idhini haimgharimu mtu kitu. Ombeni mpitiaji aandike alichokifanya kwa sentensi moja. "Nimeendesha kwa mkopo wenye marejesho sifuri na uliolipwa kupita kiasi, salio linatoka hasi kwenye wa pili, je, ndivyo tunavyotaka?" Asiyekuwa na cha kuandika aseme wazi kwamba amesoma tu bila kuendesha. Hilo nalo ni jibu halali, na mwandishi atajua kwamba bado anahitaji mtu wa pili.